Siku Niliponyoosha Mkono Bomani

Kaeni, akina mama, msisimame kwa ajili yangu. Miaka mingi watu walisimama kila nilipoingia chumba cha mahakama, na nilipostaafu kitu cha kwanza nilichokifurahia ni kuingia mahali nikakuta watu wanaendelea kukaa. Asanteni kwa kunialika hapa Nkende. Mwenyekiti wenu ameniomba nieleze ilikuwaje binti wa mfugaji akafika Mahakama Kuu, na amenisihi nisitaje majina ya watu. Sitataja. Wengi wao wamekwisha kulala, na wengine wana wajukuu humu humu ndani.

Nianze kwa kusema kwamba mimi si jasiri. Watu hunisifia ujasiri, na mimi huona aibu, kwa sababu nilichokuwa nacho ni kiherehere cha kutaka kujua. Utotoni nilichapwa zaidi kwa ajili ya maswali kuliko kwa ajili ya vyungu nilivyovunja. Siku moja nilimuuliza mzee wangu kwa nini kila ng'ombe pale nyumbani ana jina lake, lakini mama anaitwa "wewe". Jibu lake lilikuwa la fimbo. Lakini swali halikuondoka.

Nilizaliwa ng'ambo ya mto Mara, upande wa Serengeti. Hiyo ilikuwa kabla ya Uhuru. Miaka ya hamsini nilikuwa msichana, na nilibahatika kusoma shule ya misheni hadi darasa la nne. Pale ndipo nilipojifunza Kiswahili, maana nyumbani tulijua Kikurya tu. Kisha kaka yangu akataka kuoa, na ng'ombe wa kuolea wangetoka kwangu. Nikapitishwa katika yale ambayo akina mama wa rika langu mnayajua na ambayo sitayasema mbele ya mabinti hawa. Baada ya hapo nikaambiwa kwamba nimeolewa, niende kuvuka mto.

Aliyenioa alikuwa mwanamke. Naona wageni wawili pale nyuma wanatazamana, wenyeji hawashangai. Kwetu, mama asiyezaa mtoto wa kiume anaweza kutoa ng'ombe wake na kuoa binti. Binti huyo atazaa na mwanamume atakayekubaliwa, lakini watoto ni wa nyumba ya yule mama. Inaitwa nyumba ntobhu. Bibi aliyenioa alikuwa mjane wa karibu na Nyamongo, mrefu, mkavu, macho yake makali kama ya mwewe. Nilikuwa na miaka kumi na minne au kumi na mitano, hakuna aliyeandika. Nilimwogopa sana. Nikamuuliza siku ile ya kwanza, "Sasa mimi nitakuitaje?" Akafikiri kidogo, akasema nimwite mama, kama watoto wote.

Bibi alimchagua mwanamume wa kaya ya jirani. Huyo alikuwa na mke wake, na mke wake hakuwa amepata mtoto. Sitaki kusema mengi juu ya mwanamume huyo. Hakuwa katili. Alikuwa akija na kuondoka, na mimi nikapata mimba, nikajifungua mtoto wa kiume.

Ndugu zangu, nawaambia, Bibi alipoambiwa ni wa kiume alikaa chini kwenye mavumbi, mtu mzima vile, akashindwa kuinuka. Nyumba yake ilikuwa imepata mtu.

Lakini yule mwanamume naye alimtazama mtoto. Mtoto alifanana naye hata vidole. Alipoanza kutembea, mwanamume akaenda kwenye baraza la kijiji akadai mtoto ni wake. Mila ilikuwa wazi, kila mtu aliijua. Ila kwenye baraza lile walikaa watu wa ukoo wake, na sisi tulikuwa wanawake wawili tu. Wakaamua mtoto aende kwake. Alikuja asubuhi, mimi nikiwa na mtoto mgongoni. Akafungua ile nguo yeye mwenyewe, fundo moja, kisha la pili, akamchukua.

Hapo ndipo nilipoanguka. Sikulia. Niliacha kula, na maziwa yakanivimba kifuani nikapata homa. Nilikaa mlangoni na kutazama njia. Hata maswali yaliisha, na hiyo ndiyo iliyomtisha Bibi kuliko homa. Baadaye aliniambia, "Uliponyamaza niliona umekwisha kufa, ila hujaanguka tu."

Bibi hakujua kusoma wala Kiswahili. Alichojua ni kwamba Tarime mjini kuna boma la serikali, na bomani kuna Mzungu aliyeitwa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, ambaye watu wakishindwa barazani humpelekea rufaa. Akatia unga na maziwa mgando kwenye vibuyu, akaniinua, tukaenda. Tulitembea siku mbili, kwa sababu mimi nilikuwa dhaifu. Tulifika, tukaandikishwa, tukaambiwa turudi mwezi ujao. Tukarudi nyumbani kwa miguu, na mwezi uliofuata tukaenda tena.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa, maana kila kilichofuata maishani mwangu kilitoka katika neno moja.

Kwa Kikurya, baba mzazi tunamwita tata, na mama tunamwita baba. Wenyeji mnacheka. Mgeni akisikia mtoto wa Kikurya anamkimbilia mama yake akiita "baba, baba", anadhani amekosea njia.

Siku ya kesi Bwana Shauri alikaa mezani na daftari kubwa. Kando yake walikaa wazee watatu wa kumshauri mambo ya mila. Mkalimani alikuwa kijana aliyetoka mbali, alikuwa Tarime kwa mwaka mmoja tu. Yule wa siku zote alikuwa mgonjwa. Tuliamriwa kusema Kikurya, na yeye atageuza kwa Kiswahili, maana Bwana Shauri alikijua Kiswahili. Mwanamume akasema maneno yake. Bibi akasema yake. Kisha nikaitwa, nikaulizwa jambo moja tu: mtoto huyu ni wa nani?

Nikajibu kwa Kikurya, nikimwonyesha Bibi kwa kichwa kwa sababu kumnyooshea mkubwa kidole ni utovu wa adabu. Nikasema mtoto ni wa baba. Maana yake ni wa mama, ni wa huyu aliyenioa.

Mkalimani akageuka akamwambia Bwana Shauri, "Anasema mtoto ni wa baba."

Hakusema uongo. Neno alilisikia, akaliona ni la Kiswahili, akalipitisha kama lilivyo. Bwana Shauri akawatazama wale wazee. Nao hawakujua Kiswahili cha kutosha. Walisikia "baba" kwa masikio ya Kikurya, wakaona ni sawasawa, wakatikisa vichwa kukubali. Bwana Shauri akaandika. Yule mwanamume, aliyekuwa na Kiswahili kidogo cha gulioni, akatabasamu.

Chumba kizima kilikuwa kimekubaliana, na kila mtu alikuwa ameelewa jambo lake. Ukimwondoa huyo, mimi peke yangu ndiye niliyesikia pande zote mbili, na nilitazama kalamu ile ikitembea nikajua inamwandika mwanangu kwa mtu mwingine, tena kwa kinywa changu mwenyewe.

Sikuwa na ujasiri, nimekwisha kuwaambia. Nilifanya kile nilichofundishwa darasani: nikanyoosha mkono. Nikasimama hivyo, mke wa mtu, mkono juu kama mtoto wa shule. Mkalimani akaniashiria nikae. Sikukaa. Tarishi akaja kunishika bega. Bwana Shauri akainua macho akauliza huyu anataka nini.

Nikasema kwa Kiswahili, "Bwana, sikusema hivyo. Kwetu sisi, baba ni mama."

Watu wakacheka, hata tarishi. Bwana Shauri hakucheka. Aliweka kalamu chini akasema, "Eleza." Nikaeleza. Tata ni huyu, baba ni huyu. Akamwita mpishi wa boma, ambaye alikuwa Mkurya na alijua Kiswahili, akamuuliza kando. Mpishi akasema ni kweli. Ndipo wale wazee wakaulizwa upya, polepole, na wote watatu wakasema mila ni kwamba mtoto ni wa nyumba iliyotoa ng'ombe. Nikaona Bwana Shauri anakata neno alilokuwa ameandika, mstari mmoja, na kuandika jingine juu yake.

Mwanangu akarudishwa. Aliletwa na mke wa yule mwanamume, yule asiyezaa, aliyekuwa amekaa naye miezi mitano. Nami nasema mbele yenu jambo linaloniuma mpaka leo: mtoto hakunitambua. Alimlilia yule mama mwingine, na yule mama akageuza uso akaenda zake njiani. Mimi nilikuwa na furaha ya kushinda. Jioni ile Bibi akaniuliza, "Na yule naye, umemuuliza anajisikiaje?" Nikakasirika. Nikamwambia yule ni mtu wa upande wao. Bibi akasema hakuuliza ni wa upande gani. Baada ya siku chache alimwita yule mama aje kumwona mtoto kila apendapo, na alikuja, mpaka mtoto akawa na mama watatu.

Basi, habari ya binti aliyemsahihisha mkalimani ikaenea. Karani wa boma akatuma ujumbe kwamba siku za kesi za wanawake wanahitaji mtu wa kuwatafsiria, kwa sababu wanawake wengi hawasemi sawasawa mbele ya kijana mgeni. Majirani wakamwambia Bibi kwamba ameoa mke wa kumtunza, sasa mke anataka kwenda kukaa na wanaume bomani. Bibi akawajibu kwamba ng'ombe walikuwa wake, na yeye ndiye anayejua alimwoa wa kazi gani. Nikaanza kwenda.

Nilikuwa nakaa Tarime wiki ya kesi, kwa shangazi yake Bibi, kisha narudi. Nikirudi, Bibi haniulizi habari ya safari. Ananikalisha kwenye jiwe la kusagia ulezi, yeye anampakata mtoto, halafu anasema, "Haya, leta." Ninamsimulia kesi moja moja. Nikimaliza maneno ya mdai, natulia, maana nilikuwa nimekwisha kuamua moyoni nani ana haki. Bibi anauliza, "Na mwingine alisemaje?" Namsimulia. Ndipo anatoa hukumu yake, kabla sijamwambia ya Bwana Shauri. Mara nyingi zililingana. Zisipolingana tulibishana mpaka ulezi unaisha. Akina mama, nimesoma sheria kwa maprofesa, lakini sijakutana na mwalimu aliyeninyima usingizi wa akili kama mwanamke yule asiyejua herufi.

Yule kijana mkalimani naye, mlidhani alinichukia? Alikuja kwangu wiki ya kwanza akaniomba nimfundishe Kikurya vizuri. Yeye akanifundisha kusoma majalada na Kiingereza cha kuanzia. Alikuwa na kamusi iliyochanika jalada, akaniachia alipohamishwa.

Uhuru ukaja. Mahakama zikahitaji watu. Nikawa karani, kisha nikapelekwa mafunzo, nikawa hakimu wa mahakama ya mwanzo. Wapo waliokataa kushtakiwa mbele yangu. Mzee mmoja alikaa amenipa mgongo kesi nzima, na hukumu nilimsomea mgongo wake. Baada ya miaka, serikali ikafungua mlango kwa watu wazima wenye kazi kufanya mtihani wa kuingia chuo kikuu. Nikafanya, nikapita. Nilikuwa na karibu miaka thelathini nilipoingia Dar es Salaam kusoma sheria.

Na huko nikaanguka tena. Vijana wale walisema Kiingereza kama maji. Mhadhiri alitufundisha kesi ya Uingereza ya mama aliyekuta konokono ndani ya chupa ya kinywaji. Wenzangu waliandika kanuni. Mimi nilikaa nikijiuliza konokono aliingiaje, na mwenye duka alisemaje. Kwenye mtihani niliandika kurasa na kurasa za nani kaumia na kwa nini. Nikafeli masomo mawili. Mhadhiri akaniita akaniambia kwa upole, "Unasikiliza watu vizuri sana. Sasa jifunze kusikiliza sheria pia." Nilirudia ile mitihani na nikapita kwa shida.

Mwaka wa pili ikaja simu ya maandishi kwamba Bibi amefariki. Treni hadi Mwanza, meli hadi Musoma, kisha gari. Nilifika wamekwisha kumzika. Wazee wa ukoo wakakaa nami wakasema mambo ya kusoma yamekwisha, mimi ndiye mke wa nyumba ile, nikikaa Dar es Salaam nyumba itakufa. Na mimi nilikubaliana nao. Nilichoka. Sikuona tena nasoma ili nimsimulie nani. Nilikwisha kuanza kupanga vitu vyangu ndani.

Mwanangu alikuwa kijana wa miaka kama kumi na tano. Hakuwa msemaji, hata leo si msemaji. Aliingia akakaa kwenye kigoda cha Bibi, kitu ambacho hakuna aliyethubutu, akasema, "Mama, si nilizaliwa ili nyumba hii iwe na mtu? Basi ina mtu. Wewe rudi shule."

Nikarudi.

Nilimaliza, nikawa hakimu mkazi, nikahamishwa huku na huku, na baada ya miaka mingi nikaitwa kuapishwa kuwa jaji. Ningeweza kuishia hapo mkanipigia vigelegele. Lakini ushuhuda wa kweli una pia ubaya wa mtu mwenyewe, na wangu ni huu.

Nikiwa hakimu mkazi katika mji ambao sitautaja, aliletwa mfugaji aliyeshtakiwa kuiba ng'ombe. Siku hiyo kesi zilikuwa nyingi. Mashahidi watatu walisema neno moja. Nilitazama uso wake nikajua, mimi mtoto wa wafugaji, nilidhani najua: huyu ni mwizi. Alipoanza kujitetea alisema kwa kuzunguka, mara habari za shemeji yake, mara habari za kisima. Nikamkatiza. Nikamfunga. Mahakama Kuu ikaifuta hukumu yangu baada ya miezi minane. Mashahidi walikuwa na ugomvi naye wa kisima, kile kisima nilichomzuia asikieleze. Miezi minane mtu alilala gerezani kwa haraka yangu.

Nilikwenda kumtafuta. Wenzangu walisema hakimu hafanyi hivyo. Nilimkuta anatengeneza uzio. Nikamwomba radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo mimi sikumfanyia. Nikamuuliza kama ana kinyongo nami. Akasema, "Sina. Ila nilishangaa. Walisema wewe ni hakimu anayeuliza."

Kuanzia siku hiyo mpaka nastaafu, sikuwahi kumkatiza mtu anayejitetea. Mawakili walilalamika kwamba mahakama yangu inachelewa. Ilichelewa kweli.

Sasa nishukuru. Namshukuru Mungu aliyenitunza. Namshukuru Bibi. Namshukuru kijana mkalimani, aliyekubali kufundishwa na msichana aliyemwaibisha. Namshukuru yule mama asiyezaa, aliyemlea mwanangu miezi mitano vizuri kiasi kwamba mtoto hakutaka kumwacha. Nilimzika mimi mwenyewe kama mama. Namshukuru mhadhiri. Namshukuru mfugaji yule kwa neno lake. Na mwanangu, aliyenileta hapa leo na anayejificha nje kwenye kivuli cha gari kwa sababu hapendi kutazamwa na akina mama wengi.

Mabinti, najua mnataka niwaambie someni. Someni. Lakini wapo niliosoma nao wenye vyeti vizuri kuliko vyangu ambao waliacha kutaka kujua siku walipovipata, na wakawaumiza watu. Mimi mwenyewe nimewaambia niliyemwumiza. Kwa hiyo ninyi mtakaokuwa wauguzi, walimu, wake wa watu, mama wakwe, mkiona mnajua tayari mtu atasema nini, hapo hapo ngojeni kidogo. Mwacheni amalize. Halafu mumuulize tena, maana mara ya kwanza watu husema lile wanalodhani tunataka kulisikia.

Nimemaliza. Nimeona yule binti mwenye kitenge cha kijani ana swali tangu nilipotaja konokono. Simama, mwanangu, uliza.